Nafasi ya Harudishi Mstarini

MSUSI: Haloo, nani mwenzangu? Sema upesi, nina kichwa cha mtu mikononi.

SEREMALA: Mrudishie mwenyewe, shemeji, atakihitaji jioni.

MSUSI: Ala! Kumbe ni wewe. Nilishangaa nani anapumua simuni kama randa kwenye ubao mbichi. Hujambo?

SEREMALA: Sijambo, shemeji yangu wa pekee. Habari za saluni?

MSUSI: Nzuri. Kama unamtafuta kaka yako, yuko kazini.

SEREMALA: Kaka yangu nimtafutie nini? Nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima, amenitosha. Nakutafuta wewe. Mbona sauti inatoka kama uko ndani ya pipa?

MSUSI: Simu iko mbali. Kaishika mteja.

SEREMALA: Mteja kashika simu yako?

MSUSI: Sasa nifanyeje? Zamani nilikuwa naibana kati ya bega na sikio, nasuka huku naongea. Siku hizi bega nikilipandisha mpaka sikioni linanitukana. Basi mimi nasuka, yeye anashika.

SEREMALA: Msalimie mshika simu.

MSUSI: Anakusikia. Anasema ufupishe, mkono unamchoka.

SEREMALA: Mwambie aangalie. Mabega huanza hivyo hivyo.

MSUSI: Shemeji, umenipigia kunichekesha au una neno? Maana mimi nikicheka, msuko unapinda.

SEREMALA: Neno ninalo. Niko uwanjani.

MSUSI: Mbona leo? Leo si siku ya mazoezi.

SEREMALA: Nimekuja kubadilisha miguu ya mbao za shabaha. Mchwa wamekula mpaka wamesaza misumari. Sasa Kocha kanikuta hapa, kanituma kwako. Anasubiri jibu, nimwambie akipita tena.

MSUSI: Jibu la nini?

SEREMALA: Nafasi yako pale mstarini. Ile ya kati, kando yangu. Tangu uumie hakuna mtu anayesimama pale. Watu wanaizunguka kama pengo la jino, ulimi unakwenda wenyewe lakini mguu haukanyagi. Sasa mashindano yanakuja, na Kocha ana mtu wa kumweka.

MSUSI: Nani?

SEREMALA: Mkutubi.

MSUSI: Yule wa miwani? Aliyekuja juzi tu?

SEREMALA: Juzi yako ni ndefu, shemeji. Anapiga vizuri siku hizi. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha kushika upinde.

MSUSI: Basi ampe.

SEREMALA: Haloo?

MSUSI: Nimesema ampe Mkutubi.

SEREMALA: Haloo? Haloo? Mtandao huu — shemeji, unakatika.

MSUSI: Mbona mimi nakupata vizuri?

SEREMALA: Huku kuna upepo. Unasema?

MSUSI: A-m-pe! Nafasi! Mku-tu-bi!

SEREMALA: Krrr... krrrr...

MSUSI: Shemeji, hiyo "krrr" unaitoa kwa mdomo.

SEREMALA: Haijatoka kwa mdomo.

MSUSI: Mteja naye kasikia! Anacheka mpaka kichwa kinatikisika. Mama, tulia, nitakuvutia nywele usizozitaka. Wewe mwanaume mzima, unajifanya mtandao!

SEREMALA: Basi niambie sababu. Nikipeleka jibu, nilipeleke na sababu yake. Kocha ataniuliza.

MSUSI: Sababu anaijua. Bega. Daktari hajaniruhusu.

SEREMALA: Daktari yupi?

MSUSI: Yule binti wa mazoezi ya viungo.

SEREMALA: Yule aliyekupa utepe wa mpira, ule wa kijani?

MSUSI: Huyo huyo.

SEREMALA: Ule utepe uliofunga kwenye kitasa cha mlango wa chumbani, ukawa unauvuta umeupa mgongo —

MSUSI: Nani kakwambia?

SEREMALA: — kaka yangu naye akaja na chai yake, akauvuta mlango kutoka nje —

MSUSI: Huyo mtu!

SEREMALA: — akapata mke mzima mzima anamjia kinyumenyume mpaka kifuani. Anasema kwa nukta moja alidhani umemkumbuka.

MSUSI: Chai yote ilimwagika shati jeupe, ndilo nililolikumbuka. Mdomo wake huyo kaka yako! Ungekuwa mlango, wewe ungeshatiwa kazi ya kuutengenezea kufuli.

SEREMALA: Kaniambia na la pili.

MSUSI: Lipi?

SEREMALA: Kwamba binti wa mazoezi kakuruhusu zamani. Upinde mwepesi kabisa, ubao wa karibu kabisa. Unavuta, unarudisha. Unavuta, unarudisha. Akiridhika, unaanza kupiga.

MSUSI: Mama, geuza kichwa kidogo.

SEREMALA: Haloo? Sasa wewe ndiye mtandao?

MSUSI: Upinde mwepesi kabisa ni upi pale uwanjani, shemeji? Utaje.

SEREMALA: Upo.

MSUSI: Utaje rangi.

SEREMALA: Ule wa njano.

MSUSI: Una nini ule wa njano?

SEREMALA: Una... ile picha ya bata.

MSUSI: Aha. Na ubao wa karibu ni wa nani?

SEREMALA: Wa watoto. Lakini shemeji, picha yenyewe imeshafutika, imebaki miguu tu.

MSUSI: Miguu ya bata! Mimi, niliyekuwa nasimama mstari wa mbali na watu wenye ndevu zao, nisimame na watoto wa chekechea, nimeshika miguu ya bata. Watasema nini?

SEREMALA: Watoto? Watasema sogea, shangazi, ni zamu yangu.

MSUSI: Cheka tu. Cheka.

SEREMALA: Sicheki peke yangu, nasikia na mshika simu. Kinachonifurahisha mimi si bata. Ni huyu binti wa watu. Hakujui, hajawahi kukuona uwanjani, lakini kakuagiza kitu kimoja ambacho hujakifanya tangu ushike upinde. Kuvuta, ukaona mambo hayajakaa sawa, ukaurudisha ugwe wa upinde taratibu bila kupiga, ukapumua, ukaanza upya. Sisi wote tunarudisha. Wewe ukishavuta umevuta, mshale lazima utoke. Uwanja mzima unakuita Harudishi, na si kwa kukusifu.

MSUSI: Mlianza kwa kunisifu.

SEREMALA: Tulianza. Kisha tukaona siku ile.

MSUSI: Usiniletee siku ile.

SEREMALA: Mshale wa mwisho. Upepo umekuja kutoka ubavuni, kila mtu kashusha upinde, anangoja. Wewe umeshavuta. Kocha anasema rudisha. Mimi nasema rudisha. Hata muuza maji kule nyuma anasema mama, rudisha. Wewe hapo umesimama kama mlingoti, mkono unatetemeka, shavu linatetemeka —

MSUSI: Upepo ulikuwa karibu kutulia.

SEREMALA: Ulitulia kesho yake.

MSUSI: Lakini nilipiga katikati.

SEREMALA: Ulipiga katikati ya ubao wangu, shemeji!

MSUSI: Katikati ni katikati.

SEREMALA: Ile ndiyo mara ya kwanza ubao wangu kupata mshale wa katikati, na waamuzi wakakataa kuniandikia. Nilikuwa najiandaa kushangilia, nikakuona umekaa chini umeshika bega.

MSUSI: Ungeshangilia tu. Usingepata nafasi nyingine.

SEREMALA: Sijaipata mpaka leo. Majani yote ya uwanja huu yananijua kwa jina.

MSUSI: [anacheka] Aa, we! Mama, samahani, nimekuvuta? Pole. Huyu ni shemeji yangu, ndiyo, ni mzima wa akili. Kiasi.

SEREMALA: Basi nimwambie Kocha unakuja Jumamosi?

MSUSI: Mwambie ampe Mkutubi. Na mimi nina swali la kazi, kabla salio lako halijaisha.

SEREMALA: Swali la kazi yako au yangu?

MSUSI: Yako. Ile gundi yako ya njano, ya kwenye kopo, inashika mbao za tabaka tabaka?

SEREMALA: Tabaka vipi?

MSUSI: Zile zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Nyembamba nyembamba.

SEREMALA: Inategemea. Za nini?

MSUSI: Stuli. Stuli ya wateja.

SEREMALA: Imevunjika?

MSUSI: Imepasuka tu. Mguuni.

SEREMALA: Ufa umekaa vipi? Umekata kwa upana au umekwenda kwa urefu?

MSUSI: Kwa urefu. Tabaka zimeachana.

SEREMALA: Na mguu wenyewe umenyooka au umepinda?

MSUSI: Umepinda kidogo.

SEREMALA: Kuelekea wapi?

MSUSI: Kuelekea... sasa mguu wa stuli unaelekea wapi, shemeji? Unaelekea chini!

SEREMALA: Unene wake?

MSUSI: Kama rula.

SEREMALA: Rula.

MSUSI: Rula mbili.

SEREMALA: Shemeji, stuli zote za saluni yako nimezitengeneza mimi. Mguu wa stuli yangu unaweza kuegemeza lori. Sijawahi kutengeneza mguu uliopinda, sijawahi kutumia mbao za tabaka, na siku nitakapomkalisha mteja wako juu ya rula mbili nitafunga karakana niende kuuza mkaa.

MSUSI: Basi ni stuli nyingine.

SEREMALA: Ile iliyonunuliwa wapi?

MSUSI: Mama, nipe hiyo simu. Nipe kidogo. Samahani, dakika moja tu, shika huu msuko usifumuke. [mlango, kisha kelele za mtaani] Usiseme kwa nguvu.

SEREMALA: Harudishi. Umeachia ugwe mtupu?

MSUSI: Nimekwambia usiseme kwa nguvu.

SEREMALA: Bila mshale?

MSUSI: Bila mshale.

SEREMALA: Wewe! Wewe uliyemkemea Mkutubi siku yake ya kwanza mpaka miwani ikamdondoka! "Ukivuta bila mshale, usiachie, nguvu yote inarudi kwenye upinde, utaupasua!" Nilikuwepo. Nikaurudisha wa kwangu kwa woga, na mimi mshale nilikuwa nao.

MSUSI: Unafurahi.

SEREMALA: Kidogo. Upinde upi? Usiniambie ule wako mkubwa.

MSUSI: Ule mkubwa.

SEREMALA: Lo, shemeji.

MSUSI: Mkono wa juu wa upinde. Umepasuka kuanzia karibu na mshiko. Nimeufunika kwa shuka juu ya kabati. Kaka yako alipouliza mlio ule ulikuwa wa nini, nikamwambia sufuria imeanguka.

SEREMALA: Akakubali?

MSUSI: Akaniuliza kuna nini ndani ya sufuria.

SEREMALA: [anacheka] Sasa, upinde mkubwa ulikuwa unautafutia nini? Kama ruhusa unayo, si ungekuja kwenye ule mwepesi?

MSUSI: Nilitaka kujua.

SEREMALA: Kujua nini?

MSUSI: Kama bado ni mimi. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nikasema nivute mara moja tu, nirudishe, hakuna atakayeniona. Nikauvuta. Shemeji, ulikuja! Ulikuja vizuri mpaka kidevuni, nikaona, aa, kumbe wananitisha bure. Halafu nikataka kurudisha.

SEREMALA: Ehe.

MSUSI: Mkono ukakataa. Ukaanza kutetemeka kama siku ile. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma. Nimesimama chumbani na upinde wangu kama mtu kashika nyoka kichwani, anatafuta pa kumtupa. Vidole vikaachia vyenyewe.

SEREMALA: Bega?

MSUSI: Bega halikufanya kitu.

SEREMALA: Umemwonyesha binti?

MSUSI: Nilikwenda. Kalipima, kalizungusha, kasema liko sawa. Kanigombeza nusu saa nzima kwa sauti ya chini, bora angenipiga. Halafu akasema yale yale. Mwepesi, karibu, vuta, rudisha.

SEREMALA: Basi si liko sawa!

MSUSI: Liko sawa.

SEREMALA: Upinde nitaugundisha mimi, si kwa gundi ya njano, ile haifai. Kuna nyingine ya kuchanganya. Nitaubana kwa vibano mpaka ushike. Hautakuwa kama zamani, sikudanganyi, utavutwa na mtu wa taratibu. Lakini hautatupwa.

MSUSI: Asante.

SEREMALA: Sasa Jumamosi —

MSUSI: Shemeji, si upinde. Wala si bata. Naogopa tu. Nikishika hata ule wa mtoto, kabla sijavuta, nasikia tena kile kitu kilichokatika humu ndani siku ile. Nasikia mlio wake kabla haujalia.

SEREMALA: [mkwaruzo] — loo? Shem — [mkwaruzo] — sikupati.

MSUSI: Usianze.

SEREMALA: — kweli safari hii — [mkwaruzo] — umesema si upinde, halafu?

MSUSI: Acha mchezo wako.

SEREMALA: Haki ya nani, sikusikia. Nimesogea huku nyuma ya mbao, ngoja nirudi... Haya. Sasa?

MSUSI: Nimesema mteja ananisubiri. Kashika msuko wake mwenyewe.

SEREMALA: Umesema maneno mengi kuliko hayo.

MSUSI: Ni mteja mrefu.

SEREMALA: Haya. Mimi, unajua, hapa nilipokuwa nachimbia hii miguu ya mbao, nilikuwa nafikiri. Wale watoto hakuna anayewafundisha kurudisha. Kocha yuko mstari wa mbali na watu wa mashindano. Mimi nikiwafundisha mimi, watajua kutafuta mishale majanini, basi. Wanavuta wanaachia, wanavuta wanaachia. Juzi kapita paka.

MSUSI: Kapigwa?

SEREMALA: Paka yuko salama, mshale ndio haujaonekana. Ninachosema, ukisimama pale, hakuna mtu atakayeshangaa kwa nini Harudishi anavuta na kurudisha asubuhi nzima. Watasema anawaonyesha watoto.

MSUSI: Na wewe utawaambia hivyo?

SEREMALA: Mimi sitawaambia kitu. Mimi sina mdomo wa kaka yangu.

MSUSI: Mna mdomo mmoja, mnapokezana.

SEREMALA: Kocha huyo anakuja. Ana kofia yake, anatembea kwa hasira. Nimwambie nini?

MSUSI: Mwambie ampe.

SEREMALA: Haloo? Mta —

MSUSI: Shemeji! Acha, nisikilize. Safari hii sisemi kama mwanzo. Mwambie ampe Mkutubi nafasi yangu ya kati, ashindane nayo. Anastahili, mshiko wake ni wangu. Mimi aniwekee ubao wa karibu.

SEREMALA: Na ule wa njano?

MSUSI: Na ule wa njano. Lakini uukwangue hiyo miguu ya bata, la sivyo nitakukwangua wewe.

SEREMALA: Msasa ninao mfukoni.

MSUSI: Na Jumamosi usisimame kunitazama.

SEREMALA: Nitazame wapi?

MSUSI: Tazama mishale yako.

SEREMALA: Shemeji, mishale yangu ikishatoka haionekani tena.

MSUSI: Basi tazama mawingu. Sitaki mtu ananitazama mkono ukianza... ukianza kuchoka.

SEREMALA: Ukianza kuchoka, rudisha.

MSUSI: Na nikishindwa kurudisha?

SEREMALA: Nitakuwa nyuma yako.

MSUSI: Nimekwambia usinitazame!

SEREMALA: Sitakutazama. Nitafumba macho ukitaka. Nitaweka kiganja chini ya kiwiko chako tu, kama tunavyowafanyia wapya. Ukienda mbele, kipo. Ukirudi nyuma, kipo. Sitasukuma wala sitavuta.

MSUSI: [honi mtaani, mtoto anaita mtu]

SEREMALA: Shemeji, wanasema nimebakiza dakika moja.

MSUSI: Nani?

SEREMALA: Yule mwanamke wa mtandao, kaniingilia sikioni. Safari hii si mdomo wangu.

MSUSI: Kiganja chako kina vibanzi vya mbao.

SEREMALA: Nitanawa.

MSUSI: Utanawa kwa sabuni?

SEREMALA: Kwa sabuni. Nitavaa na shati safi. Kocha kafika, shemeji, anauliza. Nimwambie?

MSUSI: Mwambie. Na wewe njoo mapema Jumamosi. Mapema sana, unasikia? Kabla hao watoto hawajafi—

SEREMALA: Haloo? Shemeji? Haloo? ... Ndiyo, Kocha, ni yeye. Kasema tuje mapema.